Barua ya wazi kwa wakubwa wa Hija: Mpemba naye analala wapi?

Waheshimiwa mnaosimamia safari za Hija Zanzibar, na masheikh zetu mnaoongoza taasisi za kusafirisha mahujaji,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mimi ni mama wa nyumbani, mzaliwa wa Mtambwe, Pemba. Nimeolewa Unguja na nyumba yetu iko Tomondo, si mbali na uwanja wa ndege. Ukaribu huo ndio ulioniponza. Kila ikiingia Mfunguo Pili, mwezi unaotangulia ule wa Hija, simu yangu huanza kulia: "Mwanangu, tunakuja na boti ya kesho, ndege yetu Alhamisi, tutajibanza hapo hapo kwako." Nyumba yenyewe ina vyumba vitatu na ukumbi. Mwaka juzi walilala humo mahujaji wanne na wasindikizaji kumi na saba. Niliwahesabu usiku wakiwa wamelala, kwa sababu nilitaka kujua asubuhi niteleke maji ya chai kiasi gani.

Wageni siwalalamikii. Mtu aliyeitwa kwenye Nyumba ya Mwenyezi Mungu akapitia kwangu amenipa heshima, nami nimeshalala jikoni kwa ajili yao wala sikujuta. Ninacholalamikia ni hesabu zenu. Karatasi za safari nilizoziona mikononi mwa wageni wangu, miaka yote, mstari wa mwanzo ni kukutana Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume saa fulani. Kwa mtu wa Mpendae, mjini hapa Unguja, kweli hapo ndipo safari inapoanzia. Mzee wa Micheweni, Pemba, akifika hapo ameshapanda gari la kumshusha bandari ya Mkoani, ameshavuka bahari, ameshagombania begi lake bandarini Malindi, ameshalipa teksi kwa bei ya mgeni, na ameshalala siku kadhaa kwa mtu ambaye pengine ni jamaa wa jamaa yake. Siku zote hizo hazimo katika karatasi.

Mtaniambia Pemba kuna ndege. Ipo. Lakini mtu aliyeweka fedha za karafuu msimu baada ya msimu, akamalizia kwa kuuza ng'ombe, hiyo nauli ya ndege ndogo haimo katika mfuko wake. Kwa hiyo wanakuja kwa bahari, na bahari ya miaka hii ni ya kusi, upepo wa kusini unaochafua bahari. Mwaka 2024 Hija iliangukia katikati ya Juni, 2025 mwanzoni mwa Juni. Mwaka wetu wa Kiislamu ni mfupi kuliko ule wa kizungu kwa siku kumi au kumi na moja, basi kila mwaka safari inarudi nyuma kidogo, na si mbali mahujaji watakuwa wanavuka mvua za masika zikiwaponda. Aliyepita mkondo wa Nungwi wakati wa kusi hana haja ya kuhadithiwa. Na anayeikumbuka Spice Islander, meli iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, anajua kwa nini wazee wetu wakitajiwa chombo cha usiku huinamisha kichwa wakanyamaza. Wao huvuka mchana, siku bahari ikiwa imetulia, hata kama ndege yao ina siku tano mbele. Ndiyo sababu ya kulala kwangu siku tano. Msidhani wanafuata pilau la Tomondo.

Na wakija, wanakuja na makapu. Begi mlilowapa lenye jina la taasisi wanalo, lakini kila mmoja ana kapu lake la pili, na la pili ndilo analolilinda. Humo mna ng'onda (samaki wa kukausha), visheti, achari ya embe, pilipili ya kusaga, tangawizi, majani ya chai, na chupa ya mafuta ya makonyo ya karafuu ya kuchua magoti. Usiku wa mwisho tunamwaga kila kitu sakafuni, tunaazima mzani wa dukani, na hapo ndipo vilio vinapoanza, maana kilo hazitoshi na hakuna anayekubali kuacha ng'onda. Nimewasikia baadhi ya viongozi wa makundi wakiwacheka. Wasicheke. Katika Suratul Baqara, aya ya 197, ile ile inayotaja miezi ya Hija, tumeambiwa tuchukue masurufu, kisha ndiyo tukaambiwa kwamba masurufu bora ni uchamungu. Ibn Abbas amepokewa akieleza kuwa watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija mikono mitupu, wakisema wao wanamtegemea Mungu, wakifika Makka wanaombaomba. Kapu la ng'onda lina aya yake. Na yule mzee aliyekula wali na mchuzi wa papa maisha yake yote, ukimpa kuku mkavu siku kumi mfululizo, anaacha kula, halafu mnashangaa ameanguka kwenye tawafu.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka mmoja taasisi moja, jina lake nalihifadhi, iliwaita watu wa kwetu waje Jumatatu. Viza zikachelewa. Wakaambiwa Jumatano. Kisha Ijumaa. Ikawa siku tisa. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe; mimi hata hilo shamba la kuwapeleka sina. Mchele haukuniuma. Mmoja wao alikuwa na kisukari, na dawa alizopimiwa za safari nzima zikaanza kuliwa Tomondo. Mwengine ni bibi wa miaka sabini na kitu, mjane, alikuwa akiamka usiku wa manane anakuja kunigusa bega: "Mwanangu, hebu niambie kweli, wameshaondoka wameniacha?" Kila nikimpigia simu kiongozi wao, jibu ni moja: "Waambie wasubiri, mama. Hija ni subira."

Neno hilo limekuwa kama shuka, kila kisichopangwa kinafunikwa nalo. Ndege imeahirishwa: Hija ni subira. Chumba kina watu watano na kitanda cha tano ni godoro mlangoni: Hija ni subira. Mzee hajui nani atampokea akirudi: subira. Na kwa kuwa wanaoambiwa ni watu wacha Mungu, wanaoogopa kuharibu ibada yao kwa ugomvi, wananyamaza. Mnyamavu kama huyo ni rahisi sana kumdhulumu.

Subira ya Hija naijua, waheshimiwa. Nilikwenda 2019 na mama yangu, mwaka ambao tulikuwa mahujaji zaidi ya milioni mbili na laki nne. Tumelala Muzdalifa juu ya changarawe, viatu ndiyo mto, tukaokota vijiwe kwa mwanga wa simu. Mina tumelala bega kwa bega katika mahema, na foleni ya choo ndefu kuliko ya mafuta ya taa ninayoikumbuka utotoni. Hakuna aliyenung'unika, kwa sababu hilo ndilo tulilolifuata. Lakini hata huko Mina, moto ulipochoma mahema tarehe 15 Aprili 1997 na watu zaidi ya 300 wakafa, wenye nchi hawakuwaambia mahujaji wasubiri. Waliondoa mahema ya zamani wakaweka yasiyoshika moto. Kulala chini Muzdalifa ni sehemu ya ibada. Kulala chini ukumbini kwangu siku tisa kwa sababu mtu hakufuatilia viza mapema ni uzembe, na sijasikia sheikh aliyesema uzembe wa mtu mwengine unampa hujaji thawabu.

Makka kwenyewe, tuliambiwa tukiwa hapa Zanzibar kwamba nyumba yetu iko "karibu na Haram", yaani Msikiti Mtukufu wenye Kaaba. Karibu hiyo ilikuwa mtaa wa Aziziya. Sitaisema vibaya Aziziya: iko upande wa Mina, na siku za kurusha mawe wenye kukaa huko hushukuru. Lakini mama yangu alikuwa amejiwekea nia ya kusali sala zake zote akiiona Kaaba. Kutoka Aziziya hilo linataka basi, na siku chache kabla ya Hija yenyewe mabasi yakasimama kwa msongamano wa njia. Hakuna aliyetuambia kuwa yatasimama. Mama akakaa chumbani, na kutoka dirishani anauona mnara wa saa, ule wenye urefu wa mita 601, umesimama juu ya majengo kama kidole. "Saa naiona," akasema, "Nyumba siioni." Tulikuwa ghorofa ya kumi na moja. Lifti mbili kwa jengo zima, na wakati wa sala unaweza kungoja mpaka adhana imalizike na ikama isomwe. Siku moja akachoka kungoja, akateremka kwa ngazi. Magoti yakavimba, na Arafa alikwenda kwa kiti cha magurudumu.

Ningejua mapema, ningeuliza kama kuna kundi lenye nyumba ya karibu zaidi, hata kwa kuongeza fedha, au ningemwambia mama aweke nia nyengine. Nilinyimwa nafasi ya kuchagua, basi.

Kuna kichekesho kimoja nikitoe hapa, maana si yote machungu. Katika darsa za manasiki mama alifundishwa vizuri mno kutufu na kusai, na alizijua dua kuliko mimi. Kadi ya kufungulia mlango wa hoteli hakufundishwa na mtu. Nilimkuta nje ya chumba chake mwenyewe, amesimama robo saa, anabisha taratibu: "Hodi. Hodi wenyewe." Kina mama wenzake wa kwetu nao walikuwa na akili zao: tulikata doti moja ya kanga ya manjano, tukashona kipande mgongoni mwa buibui la kila mmoja, tusipoteane. Mpaka leo nikiiona kanga ile Darajani natazama huku na huku kama kuna aliyepotea.

Madina napita haraka kwa sababu huko tulikaa vizuri. Siku nane, sala arobaini, hoteli ya hatua chache kutoka msikitini, na karatasi mlangoni yenye majina yetu. Taasisi ile ile, watu wale wale. Kumbe wakitaka wanaweza.

Wala msidhani nazungumzia starehe. Tarehe 17 Juni 2024 joto kwenye Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8. Katika Hija hiyo walifariki watu zaidi ya 1,300, na Saudia ikatangaza kuwa zaidi ya asilimia 80 kati yao walikuwa hawana kibali: walitembea masafa marefu juani, hawana hema la kujificha wala mahali pa kupumzika. Mahujaji wetu wanakwenda na vibali, alhamdulillahi. Lakini ukishaona kilichowaua wale, huwezi tena kusema kuwa umbali wa nyumba, idadi ya watu chumbani na basi linalosimama bila taarifa ni mambo madogo madogo.

Nataka mambo mawili.

La kwanza ni karatasi. Moja tu, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa, na apewe mtu kabla hajalipa shilingi ya mwisho. Iandikwe jina la jengo la Makka na mtaa wake, mwendo wa miguu mpaka Haram kwa mtu wa miaka sabini (maana dakika kumi za kijana wenu wa ofisini kwa mama yangu ni nusu saa), chumba kinachukua watu wangapi, ghorofa ya ngapi, lifti ngapi, anayepika ni nani na anapika nini, mabasi yanasimama lini. Kama nyumba bado haijapatikana, iandikwe hivyo hivyo kuwa haijapatikana. Pembeni yake iandikwe na upande wa huku: boti gani inafaa, utalala wapi Unguja, nani atakupokea bandarini, na kama ndege ikichelewa gharama ya siku zinazozidi ni ya nani. Anayeahidi "karibu na Haram" aitie saini hiyo karibu yake.

La pili ni mahali pa kufikia. Nchi nyengine wamelifikiria zamani. Indonesia, nchi ya visiwa kama sisi ila vyao ni maelfu, wana dakhalia, yaani mabweni, za mahujaji katika miji ya kuondokea; wenyewe huziita asrama haji. Mtu anatoka kisiwa cha mbali anafikia hapo, analala, anapimwa afya, anapewa pasi yake mkononi, ndipo anapelekwa kwenye ndege. Nigeria wana kambi za Hija Kano na Lagos. Mumbai kuna jengo zima la ghorofa nyingi kwa kazi hiyo. Najua mtajibu kwamba wale ni wengi na sisi wachache. Ndiyo nafuu yetu! Hatuhitaji ghorofa. Tunahitaji nyumba moja ya vyumba kumi au kumi na mbili, viwili viwe vya chini kwa wasioweza ngazi, choo cha kukaa, jiko, friji ya dawa za wenye kisukari, na baraza pana la wasindikizaji kukaa mchana kisha usiku warudi kwa jamaa zao. Hao wasindikizaji hamtawazuia, msijaribu. Mpemba anayekwenda Hija haagwi na watu watatu. Watu wanakuja kuombana radhi, wanakuja kupeana salamu za kumfikishia Mtume, na ndiyo adabu yetu. Ila adabu hiyo inahitaji ukumbi mkubwa kuliko wangu.

Mtauliza fedha. Zanzibar ni nchi ya wakfu. Sheria Namba 2 ya 2007 ndiyo iliyounda Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na uratibu wa Hija uko chini ya paa hilo hilo, kwa hiyo mwenye nyumba za wakfu na mwenye mahujaji hawana haja hata ya kuandikiana barua. Zimo nyumba za wakfu Mji Mkongwe; ikitengwa moja kwa mwezi mmoja na nusu kila mwaka, na miezi mengine ikodishwe ijilipie, kuna ubaya gani? Na kama hilo litachukua miaka ya vikao, basi kwa sasa zipo dakhalia za skuli na vyuo hapa Unguja, ambazo wanafunzi wakienda likizo vitanda vinabaki vitupu. Nawajua wanawake wenzangu wasiopungua sita, Tomondo na Kwamtipura na Amani, wanaopokea mahujaji kila mwaka kama mimi. Tutapika sisi. Tumezoea.

Bibi Zubayda, mke wa khalifa Harun Rashid, alikuwa na uwezo wa kwenda Makka akafanya ibada yake akarudi Baghdad kulala kwenye hariri. Alipoona tabu ya maji waliyokuwa nayo watu, akatoa mali yake maji yakafikishwa Makka, na katika njia ya kutoka Iraq vikajengwa visima na vituo vya kupumzikia. Imepita zaidi ya miaka elfu moja na mia moja, na njia ile ingali inaitwa Darb Zubayda. Nyinyi hamuombwi kuvuka jangwa. Kutoka bandari ya Malindi mpaka uwanja wa ndege hata nusu saa kwa gari haifiki, kama hakuna foleni.

Kurudi nako mkuangalie. Ndege inatua usiku, boti imeshaondoka, na hujaji ana galoni yake ya zamzam ya lita tano anayoikumbatia kama mtoto. Analala kwangu tena. Alfajiri mtaa mzima uko mlangoni, wanataka awaombee dua kabla hajaingia nyumbani kwake, na yeye hana sauti kwa mafua ya Makka. Hilo mimi nalipenda, sitawaomba mnipunguzie. Nataka tu awe na kitanda cha kujinyoosha kwanza.

Mwaka huu wa kwetu waliokwishanipigia simu ni wanne. Wawili ni mke na mume kutoka Ole. Wa tatu ni yule bibi niliyewatajia, safari hii anakwenda kumhijia marehemu mumewe. Wa nne anatembelea mkongojo na hawezi ngazi kabisa. Watoto wake wamelipa, na kila wakiuliza nyumba ya Makka iko ghorofa ya ngapi wanaambiwa watajulishwa wakifika. Nimewaambia wasivuke mpaka niwape habari. Nangoja jibu lenu, na wao wako Pemba wanaangalia bahari.

Wassalaam,

Mama wa Tomondo, mtu wa Mtambwe